Kuufukuza Mtihani Usiotulia

Waliosema sitaweza walikuwa wengi, na wengi wao walisema hivyo wakila nyama yangu. Ilikuwa sherehe ya kunikaribisha kutoka Amerika, nyumbani kwa baba yangu nje ya mji wa Kajiado, na mbuzi nilinunua mimi. Shemeji yangu Moses, kaka ya mke wangu, alisimama na ubavu mkononi akauliza mbele ya wote, "Shemeji, miaka yote hiyo ng'ambo umerudi na diploma? Si hata hapa Kajiado diploma ziko?" Watu wakacheka. Niliposema nitafungua mahali Kitengela pa kuwaandaa vijana kwa mtihani wa kuingia vyuo vya Amerika, kicheko kikazidi. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu akatikisa kichwa. "Mtihani wa Wamarekani hutungwa na Wamarekani," akasema. "Wewe utatunga nini, Koinet? Utatunga vumbi?"

Mwezi uliopita niliwaachia nyinyi walimu vijana funguo za mahali hapa, mkaniomba niandike ninayoyajua kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Nimechoka tu, na kuchoka si kusahau. Habari za mshahara sitaandika, kwa sababu miaka mingi hakukuwa na mshahara wa kuandika. Lakini hili nitaliandika bila aibu: kati ya Athi River na Namanga hakujatokea mtu aliyeujua mtihani ule kuliko mimi, mwenye digrii wala mwenye mbili. Mimi ni mtu wa diploma. Nililipia diploma hiyo kwa kuosha sufuria za hoteli, halafu kwa kusimamia chumba cha mitihani katika chuo kimoja cha mji wa baridi. Mle chumbani ndimo nilimoona kwamba mtihani ni kitu kinachoundwa, kama kiti. Una mbao zake na misumari yake, na mtu akiuchunguza vya kutosha anaweza kuunda mwingine wa kimo kile kile. Kazi yangu yote imekuwa hiyo, kuunda kiti cha kimo kile kile. Shida ni kwamba mwenye kiti cha kwanza hakuacha kukikata miguu.

Siku ya kwanza tulikuwa katika chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila lori la saruji lilipopita, madirisha yalitetemeka na wanafunzi wakasimamisha kalamu. Walikuwa wachache, wakatosha benchi moja. Niliwapa mtihani wa mwigo, huu ambao kila mtu huku huuita mock, na habari ya kusoma ilihusu mchezo wa kuteleza juu ya barafu. Kijana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, hao watu wanakimbia juu ya maji?" Nikaeleza. "Na maji inakubali?" Nikaeleza tena. Muda ukaisha tukiwa bado kwenye barafu.

Wiki hiyo alikuja Bi. Mwikali. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Machakos, mtu aliyesahihisha mitihani ya taifa mpaka vidole vikapinda. Alikuja kucheka kama wengine, ila yeye alikaa miaka. Alisoma ule mtihani wangu wa kwanza akiwa amesimama, akavua miwani.

"Nani ametunga hii?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Na ulikuwa umekasirikia nani?"

Alikuwa ameona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Kwetu mwigo ni lazima uume. Shule inayotoa mwigo rahisi huonekana haina kazi, na mzazi hujisikia vizuri mtoto akirudi nyumbani analia, maana sasa ataamka asome. Nilikuwa nimetunga mtihani wa kuwaumiza watoto na kuupa jina la Amerika. Bi. Mwikali aliniambia mwigo mgumu kuliko mtihani ni mwongo sawa na ule ulio rahisi kuliko mtihani. Akanifundisha kupima: swali hili wangapi wamelipata, lile wangapi, na je, waliolipata ni wale wazuri au ni bahati tu?

Jambo kubwa alilonifundisha lilihusu majibu ya kupotosha, yale majibu yasiyo sahihi yanayowekwa kando ya lile moja la kweli. Mimi nilikuwa nikiyatoa kichwani. "Usibuni makosa," alisema. "Watoto wako nayo mengi, chukua yao." Basi tukawa tunawapa swali bila majibu ya kuchagua, wanafanya wenyewe, kisha tunakusanya makosa yao na kuyafanya majibu ya kupotosha. Kila jibu lisilo sahihi katika mitihani yetu lilikuwa na mwenyewe. Huyu alisahau alama ya kutoa, yule alisoma nusu ya sentensi akakimbia. Ukijua kusoma majibu ya mtoto aliyekosa, unajua alipotea njia wapi. Mnapoona usahihishaji wa hapa kwetu unachukua muda mrefu kuliko kwingine, sababu ni hiyo. Msiharakishe.

Kisha mtihani ukaanza kubadilika. Nilipoanza, ukikosa swali unakatwa robo ya alama, kwa hiyo tuliwafundisha kuacha wazi wasilolijua. Tulilihubiri jambo hilo mpaka likawaingia. Halafu wenye mtihani wakaondoa adhabu, na sasa kuacha wazi kukawa ujinga. Kumfundisha mtoto ni rahisi kuliko kumfundua. Na si mtoto peke yake. Mchungaji mmoja alitoka Kiserian na koti lake la Jumapili, siku ya kazi, akapanda ngazi akihema.

"Mwalimu, ni kweli unamfundisha kijana wangu kamari?"

"Kamari gani, Pastor?"

"Anasema asipojua jibu, anachagua tu. Ati umemwambia hata afumbe macho."

Kabla sijajibu, Bi. Mwikali aliongea bila kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. "Pastor, ng'ombe wako akipotea na mbele yako kuna njia nne, utakaa chini?"

"Nitafuata moja. Lakini nitaenda nikiomba."

"Basi na yeye aombe akiandika."

Mchungaji alifikiri, akakubali chai. Tangu siku hiyo kijana wake alikuwa akitikisa midomo kila alipobahatisha.

Insha ililetwa, tukatunga mada za insha, nikaajiri mtu wa kuzisoma. Insha ikaondolewa, na yule mtu pia. Maneno magumu ya kukariri yalitupwa siku moja, na stoo yetu ilikuwa imejaa hayo. Karatasi zile ziliishia kwa mama wa karanga pale stendi. Kuna watu Kitengela wamekula karanga zilizofungwa kwa msamiati ambao hata Wamarekani wenyewe hawautumii. Kila mabadiliko yalinikuta na mwigo mpya, safi, ambao wino wake haujakauka vizuri. Mnaniuliza siri ya kwenda sambamba na mtihani. Siri ni kukubali kwamba kazi ya mwaka mzima inaweza kufunga karanga, kisha ukae tena mezani. Nimekaa mezani mara nyingi. Mgongo wangu unaijua kila mara.

Bi. Mwikali alirudi kwao Machakos magoti yalipokataa ngazi. Aliniacha wakati mbaya, ingawa hakujua, kwa maana yaliyofuata yalikuwa makubwa kuliko yote. Karatasi zikaondolewa kabisa, mtihani ukahamia kwenye kompyuta, na kila somo likagawanywa vipande viwili. Ukifanya vizuri kipande cha kwanza, kompyuta inakuletea cha pili kilicho kigumu. Ukifanya vibaya, inakuletea rahisi. Lakini anayeletewa rahisi, hata akipata maswali yote, alama zake zina dari na haziwezi kuipita. Heri kukosa mengi kwenye kigumu kuliko kupata yote kwenye rahisi. Someni sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu hapo ndipo nusura tufungiwe.

Tulihitaji laptopu, na mimi sikuwa nazo. Nilikopa. Moses alinipa pesa za kodi ya chumba cha pili pale pale juu ya duka, na pamoja nazo hotuba ndefu. Mama Hibo, mwenye duka la simu na kompyuta barabara ya chini, alinipa laptopu zilizotumika kwa mkopo, bila kuchukua hata senti ya kuanzia. "Riba sichukui, dini yangu hairuhusu," aliniambia. "Lakini ukichelewa, nakuja kukaa mlangoni kwako na chai yangu mpaka wateja waulize mimi ni nani." Na Mzee Ole Nkuruna wa Kajiado alinipa mitamba watatu niuze, nilipie umeme na meza. Mjukuu wake Naserian alikuwa katika kundi letu la kwanza la mtihani huo mpya, na ndiye aliyekuwa mzuri kuliko wote. Kundi hilo likianguka, nani angeleta mtoto tena? Na wasipoletwa watoto, ningewalipa hao watatu kwa nini?

Wenye mtihani hutoa majaribio machache ya bure, na kijana mwenye bidii huyamaliza kabla mvua za masika hazijakatika. Ilibidi nitunge yangu. Sikuwa na mtaalamu wa kompyuta, kwa hiyo nilifanya kwa akili ya diploma. Wanafunzi walifanya kipande cha kwanza, wakaenda mapumziko, nami nikasahihisha mbio mbio wakinywa chai. Wakirudi, kila mmoja alipata kikaratasi kinachomwambia afungue faili gani. Faili rahisi nilikuwa nimeiita Namanga, ile ngumu nikaiita Magadi. Niliona ni majina tu.

Haikuchukua muda wakagundua. "Umepelekwa wapi?" ilikuwa ndiyo salamu yao ya asubuhi. Magadi kuna joto, kila mtu anajua, na anayetumwa Magadi wamemwonea. "Pole, beba maji," walimwambia aliyepata kikaratasi hicho. Aliyekwenda Namanga alirudi nyumbani na maswali karibu yote amepata, akachinjiwa kuku. Aliyekwenda Magadi alirudi na nusu, akaulizwa alikuwa akifanya nini huko Kitengela.

Wiki chache baadaye nilikuwa nikisahihisha kipande cha kwanza cha Naserian, na kalamu ikasimama. Alikuwa amekosa mengi. Nilianza kuyasoma makosa nione amepotea wapi, nikashindwa. Katika swali moja alikuwa amechagua jibu la mtu asiyejua kugawanya. Katika lililofuata amegawanya vizuri, lakini amechagua jibu la mtu asiyejua kujumlisha. Mtoto hana makosa ya watu watano kwa wakati mmoja. Makosa hayo hayakuwa yake. Alikuwa ameyaokota.

Nilimwita kando, pale kwenye ngazi.

"Naserian, swali la nne. Jibu ni nini?"

Akataja jibu sahihi bila kufikiri.

"Na mbona uliandika lingine?"

Akatazama viatu vyake. "Mwalimu, nilitaka kupelekwa Namanga."

"Kwa nini?"

"Guka huhesabu." Guka ndilo jina alilomwita babu yake, kwa kuwa mama yake alitoka upande wa Kiambu. "Kila Jumamosi ananiuliza nimepata ngapi. Nikimwambia kumi na mbili anaangalia boma, pale penye ng'ombe walikuwa. Hasemi kitu. Anaangalia tu. Nikienda Namanga namletea ishirini na moja kati ya ishirini na mbili."

"Ni wewe peke yako?"

"Wengi, Mwalimu. Hata Magadi siku hizi imebaki na watu wawili, na wale ni wagonjwa wa kichwa."

Nilishika chuma cha ngazi. Watoto wangu wazuri walikuwa wakijifunza kuanguka, na wakijifunza vizuri. Wakienda na mazoea hayo katika mtihani wenyewe, kompyuta ingewapa wote kipande rahisi, wangetoka wakicheka, na milango ya vyuo ingefungwa. Hakuna mtu wa nchi nyingine ambaye angefikiria kosa kama hilo. Lilihitaji nyumba ambamo alama huhesabiwa kama mifugo inavyohesabiwa jioni ikirudi.

Darasani niliwaeleza upya, na waliitikia kwa adabu jinsi mtoto anavyoitikia wakati ameshaamua. Nikajua mtihani huu haufanywi Kitengela, unafanywa Jumamosi nyumbani. Nikaenda Kajiado. Mzee Ole Nkuruna alikuwa amekaa kwenye kigoda chake nje ya boma.

"Sopa, Koinet."

"Ipa, Mzee. Nimekuja kwa habari ya Naserian. Anaanguka kwa makusudi."

"Anaanguka wapi? Juzi ameniletea ishirini na moja. Mwezi uliopita ilikuwa kumi na mbili."

"Zile ishirini na moja ni za maswali rahisi."

"Ishirini na moja ni ishirini na moja."

"Mzee, zile kumi na mbili ndizo kubwa."

Alinitazama kama mtu anayejuta kuhusu mitamba wake. "Kwa hivyo akikosa zaidi ndio amepita zaidi? Hii ndio ulienda kusoma Amerika?"

Nilikaa chini. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka wakati mwingine hupata maneno ambayo mwenye nguvu hayapati. "Mzee, ulipokuwa kijana, walikupima kwa kuchunga kondoo hapa karibu, ama kwa kupeleka ng'ombe mbali wakati wa kiangazi?"

"Kiangazi. Kondoo ni ya watoto."

"Na ulirudi na ng'ombe wote?"

"Nani hurudi na wote? Kuna wenye walikufa."

"Na yule alibaki na kondoo?"

"Alirudi na wote, si alikuwa hapa tu nyuma ya nyumba!"

"Watu waliheshimu nani?"

Mzee aliinama. Akachukua fimbo yake akachora chora udongo. Kisha akasema polepole, "Kumbe ni wewe umekuwa ukimpeleka mtoto mbali."

"Mimi na kompyuta."

"Na mimi nimekuwa nikimuuliza mbona hajarudi na wote." Akaita kuelekea jikoni, Naserian akatoka akijifuta mikono. Mzee hakumgombeza. Alimwambia tu, "Kuanzia sasa sitauliza ngapi. Nitauliza umepelekwa wapi."

Jumamosi iliyofuata, Naserian alitusimulia, babu yake alimngoja njiani. "Umepelekwa wapi?" "Magadi, Guka." "Sidai, vizuri sana. Waliokufa ni wangapi?" "Kumi." "Basi umerudi na wengi." Darasa zima lilicheka, na kuanzia hapo waliacha kuhesabu waliyopata. Walihesabu waliokufa, na aliyetumwa Namanga ndiye aliyepewa pole. Faili rahisi ikabaki haina watu. Sikubadilisha majina yale, na nyinyi msiyabadilishe.

Siku ya mtihani nilisimama nje ya lango la shule moja ya Nairobi walikofanyia, jua la utosi, pamoja na wazazi wengine. Mlango ulipofunguliwa alitoka kwanza kijana wa mahali pengine akilia, anamwambia mama yake kwamba maswali yalimgeuka katikati yakawa magumu, ameshafeli. Naserian alikuwa nyuma yake. Alimgusa bega akamwambia, "Usilie, hiyo ndio poa." Halafu akanifikia.

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa Magadi, Mwalimu. Magadi kabisa. Nimeua wengi, lakini nimerudi."

Nikageuka nikajifanya natafuta gari.

Matokeo yalikuja, na baadaye ikaja barua ya chuo kilichomchukua Naserian kwa gharama yao yote. Wenzake kadhaa walifuata. Hapo ndipo ngazi zetu zilipojaa wazazi, hata wenye duka la chini wakalalamika kwamba wateja wao wa misumari hawapati pa kupita. Kundi lililofuata lilipomaliza kulipa karo, nilichagua siku moja na kuamka mapema. Nilitaka kulipa wote kwa siku moja, kusiwe na wa kusema alilipwa wa mwisho.

Moses nilimtumia zake kwa simu. Alinipigia palepale. "Shemeji, mimi nilijua utaweza. Nilikuwa nakupima tu." Nikamwambia asante kwa kipimo.

Mama Hibo alipokea zake dukani, akaziweka kwenye droo bila kuziangalia. Mwaka ule alikuwa amekuja mlangoni kwangu na chupa yake ya chai mara zaidi ya moja, akakaa, na akaishia kuwasikiliza wanafunzi wakisoma mafungu yao. "Sasa nitakunywa chai wapi?" akauliza. Nikamwambia kiti chake kiko.

Kwa Mzee Ole Nkuruna nilikuwa nimejaribu kutuma pesa kwa simu wiki moja kabla, akakataa. "Nilikupa ng'ombe, Koinet. Unanirudishia simu?" Kwa hiyo nilikuwa nimeenda mnada wa Kiserian, nikachagua mitamba watatu. Siku ile nikawafikisha kwake kwa pikapu ya kukodi. Hakusema karibu. Alienda moja kwa moja kwa ng'ombe. Aliwafungua midomo akaona meno. Akapapasa nyonga. Akaagiza watembezwe, wageuzwe, watembezwe tena. Mimi nimetunga mitihani maisha yangu yote, na sijawahi kungoja matokeo namna ile.

"Huyu ni sawa na wangu," akasema. "Na huyu ni sawa." Kwa wa tatu alikaa sana, mkono ubavuni mwake. "Huyu hapana."

"Ana kasoro gani, Mzee?"

"Hana kasoro. Amezidi. Ako na mimba huyu."

"Basi ni baraka yako."

"Mimi si benki. Nilikukopesha mtamba, sikukukopesha na ndama." Akaagiza kondoo jike aletwe, akanishikisha kamba mwenyewe. Nilikataa. "Chukua," akasema, "ama deni ligeuke liwe langu, na mimi ni mzee, sitaki kufa na deni la mwalimu."

Nikapanda pikapu na kondoo wangu mpaka Kitengela. Mke wangu alitoka mlangoni akauliza huyo ni wa nini. Nikamwambia ni chenji. Kisha nikavua viatu, nikalala mchana kweupe, na hakuna aliyekuja kubisha hodi.